Mtoto wa miezi minne anakula Noeli namna gani?

Mvua imeshika, maembe yanaanguka yenyewe, na watoto wameanza kuhesabu siku. Noeli iko mlangoni.

Sisi huku tunasema mtu "anakula Noeli", kisha juma moja baadaye "anakula Bonane". Hatusemi anaisherehekea. Anaikula: kuku, mchele, bukari, samaki wa ziwa, chupa mezani. Neno hilo halina ubaya kwa mtu mwenye meno. Ila mwaka huu nyumba nyingi kati ya zetu zina mtoto ambaye hajaona Noeli hata moja, na kila mkutano ninaulizwa swali lile lile: huyu mdogo tumfanyie nini?

Nichukue kisa cha mama mmoja kijana wa kikundi chetu, kwa ruhusa yake na bila jina lake. Mtoto wake atatimiza miezi minne siku ya Noeli. Mama anakaa hapa Nzilo, wakwe wako Kolwezi, upande wa Manika. Mama mkwe amepiga simu mara tatu. Anataka mtoto aletwe mjini tarehe 23, abaki mpaka Bonane, ukoo mzima umwone, na siku ya Noeli yeye nkambo amwonjeshe bukari na mchuzi, kwa sababu ndivyo watoto wote wa nyumba ile walivyofanyiwa. Mama huyu ananyonyesha tu, kama alivyofundishwa kwenye kituo cha afya. Akaniuliza: "Nikikataa, wataona ninawanyima mtoto wao. Nikienda, watamlisha wakati nimeingia kuoga. Nifanye nini?"

Msicheke. Nimeona ndoa zikipata ufa kwa sababu ya kijiko kimoja cha uji.

Juu ya kijiko chenyewe sina maneno mawili. Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita anahitaji maziwa ya mama peke yake. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema hivyo, manesi wetu wanasema hivyo, na "peke yake" maana yake hata maji hapana. Maziwa yana maji ya kutosha, hata siku ya jua kali. Kinachoruhusiwa ni dawa iliyoandikwa na nesi ao daktari, basi. Na tazameni wakati wenyewe. Mwezi wa 12 ndio mvua inasukuma uchafu wa vyoo mpaka kwenye visima. Maji ya kupikia bukari yamechemka, sawa. Lakini kijiko hakikuchemka, sahani haikuchemka, na mkono uliosalimia wageni ishirini haukuchemka. Tumbo la mtu mzima linajitetea. Mtoto wa miezi minne akianza kuhara, anaweza kukauka maji ya mwili kwa siku moja tu, na siku hiyo yote mnaangalia sufuria.

Wengine wataniambia: basi hata munkoyo kidogo? Munkoyo ni kinywaji chetu, ninaupenda sana, lakini ukikaa siku mbili unaanza kuwa na pombe, na mtoto mchanga hana haja nao ungali mbichi wala ukishachacha. Na ule mchezo wa wajomba wa kuchovya kidole kwenye bia na kumtia mtoto mdomoni "ili awe mwanamume", tuukomeshe mwaka huu. Mjomba anywe bia yake, kidole akiweke mfukoni.

Sasa hapa ninatofautiana kidogo na manesi. Wao wanatufundisha kusema "kwenye kituo wamekataza". Kwa mama mkwe maneno hayo yanaingia sikioni namna nyingine: kuna msichana mwenye koti jeupe anayejua kulea kuliko mimi niliyelea saba. Hapo vita imeanza, na hakuna anayepigania mtoto tena. Nkambo hataki kumdhuru mjukuu wake. Anataka kazi. Siku ya Noeli kila mtu wa nyumba ana kazi yake: huyu anachinja kuku, huyu anasonga bukari, yule analeta viti. Kazi ya heshima ya mama aliyemzaa baba wa mtoto ilikuwa kile kijiko. Ukimnyang'anya bila kumwekea kitu kingine mkononi, umemtoa kwenye sikukuu.

Kwa hiyo tulikaa na mama huyu tukatafuta kazi. Tukapata nyingi kuliko tulivyofikiri. Nkambo ndiye atakayemwogesha mtoto asubuhi ya Noeli na kumvika nguo yake mpya. Nkambo ndiye atakayembeba mgongoni mpaka kanisani, katikati ya barabara, majirani wote waone. Wakati wa shukrani yeye ndiye atakayesimama naye. Baada ya chakula yeye ndiye atakayemtajia majina ya wazee wa ukoo, mtoto akiwa mapajani mwake, hata kama atalala kwa jina la pili. Na picha ya kwanza ya simu iwe yake na mjukuu, si ya mama na mtoto. Juu ya chakula, hatukumwambia "hapana". Tulimpa tarehe: mtoto atatimiza miezi sita mwezi wa 2, na siku hiyo kijiko cha kwanza ni cha nkambo, hakuna mwingine atakayekigusa.

Jambo moja lilibaki, nalo ni kubwa: nani aseme? Nikamwambia, si wewe. Mkwe akimkatalia mama mkwe ni ufidhuli, mwana akimbembeleza mama yake ni mapenzi. Mume ndiye akapiga simu, Siku ya Posho jioni. Akaanza na "Mama, mtoto ni wako", akamaliza na tarehe. Mama mkwe alinyamaza muda. Kisha akauliza kama mwezi wa 2 barabara itakuwa imekauka. Haitakauka, sisi wote tunaijua mvua ya huku, lakini tulielewa kwamba swali hilo lilikuwa "ndiyo".

Safari ikafupishwa pia. Siku kumi za kulala kwenye nyumba iliyojaa watu ni nyingi kwa mtoto na kwa mama anayenyonyesha. Watalala siku mbili, warudi. Wakipata gari, bora zaidi. Ninajua wengi wetu hatuna njia ila pikipiki, lakini mtoto kubanwa katikati ya watu wazima wawili chini ya hema la mvua, asiweze kupumua vizuri, hapana. Ondokeni asubuhi, mvua ya mchana isiwakute njiani. Nanyi mnaovuka kwa mtumbwi: maji haya ni Lualaba iliyofungwa na bwawa mwanzoni mwa miaka ya 1950, watu ndio waliolitengeneza ziwa, lakini upepo wake haukutengenezwa na mtu. Mtumbwi uliojaa mizigo ya sikukuu, acheni uende, mngoje mwingine.

Ndani ya mfuko wa mtoto kiwemo chandarua. Huko mnakoenda watawapa kitanda, lakini hawatakumbuka chandarua. Kadi ya chanjo iwemo pia, na nguo ya baridi. Mbu wa malaria anauma usiku, na hii ndiyo sababu sipendi kuona watoto wachanga kwenye ibada ya mkesha. Mungu anajua mtoto amezaliwa. Mpelekeni kwenye ibada ya mchana, na msikae karibu na bafle. Sauti inayotikisa kifua cha mtu mzima inafanya nini ndani ya sikio la mtoto wa miezi minne?

Kuna wageni vilevile. Kila mgeni anataka kumpokea mtoto, kumbusu mdomoni, kumpulizia usoni. Wekeni ndoo ya maji na sabuni mlangoni, na mtoto mkubwa wa nyumba asimamie, watoto wanapenda sana kazi ya kuamrisha wazee. Anayekohoa amsalimie mtoto kutoka mbali. Hiyo si majivuno. Mwaka 2019 surua ilizunguka nchi yetu yote, ikaugua watu zaidi ya 300,000, na zaidi ya 6,000 walikufa, wengi wao watoto wadogo. Chanjo ya surua inatolewa mtoto akiwa na miezi tisa. Kabla ya hapo anategemea wale wanaomzunguka wawe wamechanjwa. Na homa haingoji Bonane ipite: mtoto akiwa na moto mwilini, akikataa ziwa, akipumua haraka haraka ao akishtuka-shtuka mwili, anapelekwa saa ile ile, hata kama kuku yuko mezani.

Wale ambao watoto wao wamepita miezi sita, ninyi mna furaha nyingine: wenu anaweza kula Noeli kweli. Ponda embe lililoiva. Samaki wa ziwa, toa mifupa kwa vidole vyako mwenyewe, usiamini macho, kisha umponde na bukari laini. Maharagwe yaliyopondwa, sombe iliyoiva sana kabla hujatia chumvi na pilipili, uji wenye karanga zilizosagwa mpaka zikawa laini. Karanga nzima hapana, inaziba koo. Asali hapana mpaka atimize mwaka. Soda hapana, hata akiililia.

Sasa pesa. Hapa nitasema taratibu, kwa sababu ninajua nani atasoma.

Wengi wa waume zetu wanachimba. Mwezi huu udongo umelowa, kuta za mashimo zimekuwa laini, na kila mmoja wetu anajua nyumba ambayo ilipata habari mbaya wakati wa mvua. Baba mwenye mtoto wa kwanza ana haya. Anataka Noeli ya kwanza ya mtoto wake ionekane: kitenge kipya kwa mama, nguo kwa mtoto, kreti kwa wageni. Hasemi. Anasikiliza tu. Ukisema mbele yake kwamba jirani amenunua hiki na kile, yeye atasikia "teremka tena". Tarehe 23 atashuka kwenye shimo ambalo juma lililopita alikataa kushuka. Mimi ninaomba mama wote wenye watoto wachanga wamwambie baba neno hili mapema, leo usiku, si tarehe 24: mtoto huyu mwaka huu hana haja ya kitu chochote cha dukani. Maziwa hayanunuliwi. Anataka kuona uso wa baba yake. Na useme kwa mdomo, usifikiri anajua.

Ao waulizeni wazee wetu juu ya Noeli ya 1974. Mwaka ule Mobutu aliiondoa tarehe 25 mwezi wa 12 katika siku za mapumziko. Noeli iliangukia Siku ya Tatu, na mwenye kazi Gécamines alienda kazini kama siku nyingine yoyote. Majina ya Kikristo yalikuwa yamekwisha kukatazwa tangu 1972, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa wakati huo hakuweza kuandikwa Noëlla wala Emmanuel kwenye karatasi za serikali. Walioishi wakati ule wanasema nyumbani walimwita walivyotaka, mlango ukiwa umefungwa. Watoto hao leo wamepita miaka hamsini, baadhi yao ni nkambo wanaotupigia simu. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba Noeli yake ya kwanza ilikosa kreti.

Nguo ya mtoto, kama utanunua, nunua iliyo kubwa kidogo, Pasaka bado imfae. Hata ikiwa mpya, ifue kabla hajaivaa. Na wakati huu wa mvua nguo hazikauki vizuri: kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, na funza wake wanaingia kwenye ngozi ya mtoto na kufanya majipu. Piga pasi nguo zote, pia zile za kumfungia na shuka, hasa kwenye mishono. Pasi ya makala inatosha. Mbabula yenyewe, ikishawashwa, ibaki nje ao chini ya baraza. Msiiingize chumbani kumpasha mtoto joto usiku huku mlango umefungwa, moshi wake usioonekana unaua watu usingizini.

Likelemba ya mwezi huu itagawanywa Siku ya Posho kabla ya Noeli. Waliopata zamu, wekeni pembeni pesa ya safari ya kituo cha afya ya mwezi wa 1 kabla ya kwenda sokoni, mpeni mweka hazina aishike kama hamjiamini. Waulizeni manesi sasa hivi ni siku gani watapima na kuchanja watoto kati ya Noeli na Bonane, kwa sababu siku zinaweza kubadilika. Na yule mama wa miezi minne anatafuta mtu anayeenda Kolwezi kwa gari tarehe 24 asubuhi, nafasi moja tu, mtoto hana mzigo mkubwa. Mwenye habari aniambie kwenye mkutano.