Wageni Waja Kutazama: Mkulima Apata Nini?



Aghalabu katika kurasa hizi twaandika habari za palizi, uchumaji, uanikaji na bei. Safari hii twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa ni la watu wa hoteli wala si la wakulima, nalo ni jambo la wageni wanaokuja kutembea na kutazama. Twalileta mbele yenu kwa sababu kitu wanachokuja kukitazama, baada ya bahari na majumba ya Mji Mkongwe, ni mikarafuu yetu na viungo vyetu. Mgeni huteremshwa shambani, huonyeshwa mkarafuu, hukatiwa jani la mdalasini akanuse, hupigwa picha, kisha hupanda gari akenda zake. Fedha amekwisha kuzilipa mjini. Mwenye mti hubakiwa na matawi yaliyovunjika na njia iliyokanyagwa, na pengine sarafu mbili tatu alizopewa mtoto wake.

Hatusemi kwamba mashamba yote yako hivyo. Yapo ambayo wenyewe wameafikiana vizuri na wenye magari, nao hupata haki yao. Lakini hao ni wachache, na maafikiano yao ni ya mtu mmoja mmoja, si ya chama.

Yafaa tuanze mbali na kwetu, maana mtu huona vizuri zaidi mambo ya jirani kuliko ya nyumbani kwake. Na tuitazame Igogwe, katika wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya. Jina hilo wengi hulisikia kwa sababu ya hospitali ya misheni iliyopo huko. Ni nchi ya milima, migomba, chai, kahawa, na siku hizi maparachichi. Mvua yake ni nyingi hata mtu wa pwani akifika hudhani masika hayaishi. Mlima Rungwe, ambao zamani ulikuwa mlima wa moto, umesimama juu ya nchi hiyo kwa urefu wa karibu mita 2,960. Watu wake ni Wanyakyusa na majirani zao, wakulima kama sisi.

Wenzetu hawa wana mambo ya kutazama ambayo nchi nyingi zingeyaonea wivu. Katika mto Kiwira lipo Daraja la Mungu. Hakuna fundi aliyelijenga. Zamani uji wa moto wa volkeno ulitiririka ukapoa ukawa mwamba, na maji ya mto yakapita chini yake, hata leo mtu anaweza kusimama juu ya mwamba na kuusikia mto ukinguruma chini ya miguu yake. Katika mto huohuo, karibu na chuo cha Magereza, kipo Kijungu, mahali ambapo maji yameuchimba mwamba ukawa kama chungu, nayo huzunguka humo kwa nguvu kama maji yanayotokota. Jina lenyewe lasema yote.

Ukitoka hapo ukapanda upande wa kaskazini, katika milima ya Poroto liko ziwa Ngozi, nalo limekaa ndani ya shimo la mlima wa moto uliozimika. Mgeni hana njia ya gari ya kumfikisha ukingoni; hupanda kwa miguu msituni, njia ikiteleza, hata ghafula miti huachana akaliona ziwa chini kabisa, rangi yake kijani iliyoiva, kuta za mwamba zimelizunguka pande zote. Wenyeji hupenda kumwambia alitazame vizuri aone jinsi umbo lake linavyofanana na ramani ya Afrika. Kusini ya Tukuyu liko ziwa Masoko, nalo pia ni la volkeno, ambalo husemwa kwamba Wajerumani walitupa fedha na silaha zao humo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Yako maporomoko ya Kaporogwe. Na anayeteremka mpaka Matema, ziwani Nyasa, hukuta ufuko wa mchanga na vyungu vya Wakisi, ambavyo wanawake huvifinyanga kwa mikono na kuvipeleka mnadani.

Basi mbona wageni wa Rungwe ni wachache? Sababu ya kwanza ni umbali. Wageni wengi wa nchi hii huenda kaskazini, Serengeti na Kilimanjaro, kisha huja kwetu visiwani kupumzika. Kusini hupita mmoja mmoja, akielekea Malawi au Zambia. Kiwanja cha ndege cha Songwe kilifunguliwa mwaka 2012, nacho kimepunguza taabu, lakini hakijaigeuza hali. Wenzetu wana vitu vya kutazama na hawana watazamaji wa kutosha. Sisi tuna watazamaji, maana mwaka 2018 peke yake wageni waliofika Zanzibar walizidi 500,000, lakini wakulima hatuna faida yao. Twaona kwamba hasara yetu ni mbaya zaidi, kwa sababu ya kwao imeletwa na umbali, na ya kwetu twaileta wenyewe kwa kutokusikilizana.

Lipo jambo moja la Rungwe ambalo twaomba kila mwanachama alishike. Katika mwaka 2003 wataalamu wa wanyama walipokuwa wakiuliza habari za misitu ya huko, waliwasikia wawindaji wakimtaja mnyama mmoja mwenye haya, aitwaye kipunji. Walipomtafuta wakamwona: kima mwenye manyoya marefu ya rangi ya kahawia, ambaye hakuwamo katika vitabu vya elimu. Mwaka 2005 habari zake zikatangazwa ulimwenguni, na mwaka 2006 akapewa jina la kitaalamu linalotokana na mlima Rungwe wenyewe. Dunia ilisema kwamba mnyama mpya amegunduliwa. Lakini kwa wale wawindaji hakuwa mpya hata kidogo. Walikuwa na jina lake tangu zamani.

Fundisho liko wazi. Elimu ya mahali iko kwa mwenyeji, na asipoisema yeye mwenyewe na kuitilia thamani, mwingine ataisema, na sifa itakwenda kwa huyo mwingine. Ni nani ajuaye kwa nini karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka? Ni nani ajuaye karafuu iliyoanikwa vizuri kwa mlio wake ikivunjwa? Ni mkulima na mchumaji. Na ni nani leo anayewaeleza wageni? Mara nyingi ni kijana wa mjini aliyejifunza maneno kumi kwa moyo, naye hulipwa kwa maneno yetu.

Jambo la pili la huko ni onyo. Juu ya Rungwe iko Kitulo, nchi ya majani na maua, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 ikawa hifadhi ya taifa, na sifa yake kubwa si simba wala tembo, bali ni maua, yakiwamo aina nyingi za okidi. Okidi nyingine zina viazi chini ya ardhi, na viazi hivyo hupendwa sana kuliwa Zambia kwa jina la chikanda. Watu wakavichimba kwa wingi na kuviuza, bila ya kuacha mbegu ya kesho, hata serikali ikaona haja ya kuilinda nchi ile. Mwenye kuvichimba alikuwa na shida yake, nasi hatumlaumu. Lakini kitu kinachotolewa bila ya kipimo huisha, nasi tuna matawi yanayovunjwa kila siku kwa ajili ya kunuswa.

Sasa tuvuke bahari. Katika visiwa vya Karibi iko nchi ndogo iitwayo Grenada, ambayo huitwa Kisiwa cha Viungo kama sisi tunavyoitwa. Zao lake ni kungumanga, na picha ya kungumanga imo katika bendera yake. Wakulima wake walianzisha chama chao cha ushirika mwaka 1947. Mgeni afikaye Grenada huonyeshwa fuko za bahari, maporomoko ya maji, na ziwa la Grand Etang lililo katika shimo la volkeno kama Ngozi. Lakini huonyeshwa pia ghala ya kungumanga katika mji wa Gouyave, ambako huona wafanyakazi wakichagua na kupima, naye hulipa ada ndogo mlangoni. Ghala hiyo ni ya chama cha wakulima wenyewe. Mgeni huingia kwao, husikia habari kwao, hulipa kwao.

Wenzetu hao wa Grenada wana fundisho jingine. Mwezi wa Septemba 2004 tufani iliyoitwa Ivan iliangusha au kuharibu mikungumanga yao karibu yote, na mti huo huchukua miaka mingi kuzaa. Jambo hili si geni kwetu. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba iliyosalimika ndiyo ikawa mama wa zao hili mpaka leo. Mwenye pato moja tu ni kama mwenye jicho moja. Na wale waliotegemea wageni tu walionja jambo lilelile mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia safari. Magari yakasimama, na hoteli zikafungwa. Kwa hiyo hatusemi kwamba karafuu iachwe kwa ajili ya wageni. Twasema kwamba karafuu ni mke wa kwanza, na wageni wasaidie nyumba bila ya kumfukuza mwenyewe.

Twajua kwamba wapo wanachama wasiopendezwa na shauri hili. Wengine husema kwamba wageni huja na mavazi yasiyofaa vijijini kwetu. Hilo ni kweli, na dawa yake ni sisi kuwa wenye mlango, maana mwenye mlango ndiye awekaye sharti la kuingia. Leo hatuna la kusema kwa sababu si sisi tuliowaalika. Wengine husema kwamba wakati wa mchumo hakuna nafasi ya kushughulika na watazamaji. Nalo ni kweli, na kwa hiyo shamba lililo katika mchumo lina haki ya kufunga, au kuwaonyesha kwa saa zilizopangwa. Wengine huuliza: faida yenyewe ni kitu gani? Twajibu kwamba karafuu haitoi sawasawa kila mwaka, na katika mwaka mbaya ada ya mlangoni yaweza kununua daftari za watoto wa skuli na kumlipa mpalizi.

Mashauri yetu ni haya:

1. Kila tawi lichague mashamba machache yanayofaa kuonyeshwa, kwa zamu, ili faida isimwendee mtu mmoja.

2. Chama kiweke ada moja iliyo wazi, iandikwe ubaoni, nayo ilipwe shambani kwa risiti, sehemu kwa mwenye shamba na sehemu kwa tawi. Mwenye gari asiyekubali asiingie.

3. Vijana wetu, wa kiume na wa kike, wafundishwe lugha na adabu ya kupokea wageni, na wazee wawafundishe habari za zao lenyewe, tangu mche mpaka gunia. Wasiongeze uongo. Habari ya kweli ya mkarafuu inatosha kumshangaza mtu.

4. Uwekwe mti mmoja au miwili ya kunusa na kukatwa, na mingine isiguswe.

5. Wageni wauziwe karafuu, mdalasini na sabuni za mkono wa wanachama, kwa kufuata sheria za biashara ya karafuu zilizopo.

6. Wanachama wa Pemba wasikae nyuma. Wana msitu wa Ngezi, kisiwa cha Misali, magofu ya Pujini, na kiwanda cha mafuta ya makonyo Chake Chake. Mgeni anayetaka kuijua karafuu hasa ni huko anakotakiwa kupelekwa.

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huu tumeuamini mno. Daraja la Mungu ni zuri, nalo halijajiuza. Mkarafuu ni mzuri, nao unauzwa kila siku, ila muuzaji si mwenyewe.

Twaomba jambo hili litiwe katika orodha ya mazungumzo ya mikutano ya matawi kabla ya mchumo mkubwa, na kila tawi lituletee majibu yake kwa maandishi, hata yakiwa ya kutupinga. Kunyamaza tu ndiko tusikokubali, maana tukinyamaza wengine watatupangia.