Asiyekuwapo na Lake Halipo

Miongoni mwa vijana wetu imejitokeza hamu mpya ya kuchimbua muziki ambao redio zetu haziupigi. Ni muziki uliotungwa kwa ajili ya filamu na hadithi za bunilizi za kisayansi, yaani hadithi za safari za nyota, za mashine zenye akili na za viumbe wa sayari nyingine. Zamani muziki huo ulikuwa mali ya wachache walioweza kuagiza santuri kutoka ng'ambo. Leo kijana wa Murangi, mkoani Mara, aketiye mwaloni akingoja mitumbwi ya dagaa irejee, aweza kuusikiliza kwa simu yake, au akaingiziwa kwenye kadi ya simu kwa malipo madogo.

Wapo wazee na viongozi wanaolitazama jambo hili kwa kukunja uso. Kwao hii ni kasumba nyingine iliyokuja kuwapotosha vijana. Wapo pia wasomi wanaolicheka, wakisema kwamba huo ni mchezo wa watoto usiostahili kujadiliwa katika ukurasa wa gazeti la Chama. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pande zote mbili zimekosa shabaha. Kusikiliza si kosa. Kosa ni kusikiliza kama mgeni karamuni, ilhali sufuria, kuni na chumvi vimetoka nyumbani kwako mwenyewe.

MALI YETU, KARAMU YAO

Tuanze na ushahidi. Mwaka 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha mfululizo wa michezo ya safari za angani uitwao Star Trek. Afisa wa mawasiliano katika chombo hicho alikuwa mwanamke mweusi, naye aliitwa Uhura. Jina hilo limefinyangwa kutokana na neno letu la uhuru. Mchezaji wake, marehemu Nichelle Nichols, aliimba pia ndani ya mchezo huo wimbo unaoitaja nyota ya Antares, na wimbo huo hutafutwa hadi leo na wapenzi wa muziki wa namna hii. Jina lilikuwa la Kiswahili. Wimbo ulikuwa wa Kiingereza.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka katika nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Setilaiti hiyo ilipewa jina la Uhuru. Basi neno ambalo gazeti hili hulibeba kila siku lilikwisha kupanda angani zaidi ya nusu karne iliyopita.

Mwaka 1971 mpiga kinanda mashuhuri wa Marekani, Herbie Hancock, alitoa santuri iitwayo Mwandishi. Mwandishi lilikuwa jina lake mwenyewe la Kiswahili. Wenzake katika bendi hiyo nao walijiita kwa lugha yetu: Mchezaji, Jabali, Mwile, Pepo Mtoto na Mganga. Huyo Mganga, Eddie Henderson, alikuwa kweli daktari kwa taaluma yake. Katika santuri zilizofuata, Crossings ya 1972 na Sextant ya 1973, bendi iliongeza sauti za vinanda vya umeme vya kisasa kabisa kwa wakati ule, mpaka msikilizaji akahisi kama anasafirishwa kati ya sayari. Hawa hawakuokota maneno ya Kiswahili kwa bahati. Wamarekani weusi wa wakati ule waliitazama lugha hii kama lugha ya Mwafrika asiyefungwa na kabila moja, na waliitazama Dar es Salaam kama ngome ya ukombozi.

Hatimaye, mwaka 2005, Christopher Tin, mtunzi wa Kimarekani, aliufungulia mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV kwa wimbo wa Baba Yetu, ambao maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Katika mchezo huo mchezaji huliongoza taifa lake tangu enzi za kale, na mojawapo ya njia za kushinda ni kurusha chombo kiende katika nyota ya Alpha Centauri. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, ukiwa wa kwanza kuipata miongoni mwa tungo zilizotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta.

Kijana wa Murangi akikutana na kazi hizi hudhani amegundua kitu cha kigeni. Hakuna aliyemwambia kwamba amegundua mabaki ya mali yake.

SANTURI YA DHAHABU

Hata hivyo, kuazimwa jina si sawa na kusikika. Fundisho hilo tulipewa mwaka 1977, mwaka uleule ambao TANU na ASP ziliungana tarehe 5 Februari kuunda Chama Cha Mapinduzi. Miezi michache baadaye, Agosti na Septemba, Marekani ilirusha vyombo viwili vya angani viitwavyo Voyager. Kila kimoja kilichukua santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye dakika kama 90 za muziki wa dunia na salamu katika lugha 55, ili kama wapo viumbe wenye akili huko mbali, siku moja wapate kutufahamu. Voyager 1 ilivuka mpaka wa upepo wa Jua mwaka 2012, nayo ingali ikienda.

Katika lugha hizo 55, Kiswahili hakimo.

Wamo Wasumeri na Waakadi wa Iraki ya kale, watu ambao lugha zao hazina tena mama wa kumwimbia mtoto. Kimo Kinyanja. Kimo Kiila cha Zambia. Kimo Kiluganda, lugha ya jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa hilihili ambalo mawimbi yake hupiga fukwe za Majita. Lakini lugha iliyokuwa ikifundishia shule za msingi za Tanzania tangu 1967, lugha iliyounganisha makabila zaidi ya 120 kuwa taifa moja, iliachwa chini.

Ni rahisi kupiga kelele kwamba mabeberu walitudharau. Kelele hizo haziwezi kueleza habari ya Kiluganda. Uganda ya mwaka 1977 ilikuwa chini ya Idi Amin, na hakuna atakayedai kwamba serikali ya Amin ndiyo iliyoipigania lugha hiyo huko Marekani. Ukweli ni mwepesi zaidi, na unauma zaidi. Santuri ile iliandaliwa kwa haraka na kamati ndogo iliyoongozwa na Carl Sagan wa Chuo Kikuu cha Cornell, na salamu nyingi zilinaswa hapohapo chuoni kutoka kwa watu waliopatikana. Aliyekuwapo alisema, asiyekuwapo na lake halikuwapo.

Vivyo hivyo kuhusu muziki. Afrika kusini mwa Sahara iliwakilishwa na ngoma za Afrika Magharibi na wimbo wa wasichana Wambuti wa msitu wa Ituri, katika nchi iliyoitwa Zaire. Nyimbo hizo ziliingia kwa sababu mtu fulani alikwisha kufika huko na mashine, akazinasa, akazihifadhi mahali zinapoweza kupatikana siku zikihitajika. Kesho haigawi nafasi kwa haki wala kwa idadi ya wasemaji. Hugawa kwa kutazama kilichohifadhiwa.

TULICHOHIFADHI NA TUNACHOKIPOTEZA

Je, sisi tumehifadhi nini? Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akinasa ngoma na nyimbo zetu. Kanda zake ziko Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Mtanzania anayetaka kusikia babu zake walivyopiga analazimika kubisha hodi huko.

Baada ya uhuru, Redio Tanzania Dar es Salaam ilifanya kazi ambayo haijapata kulipwa sifa yake. Ilinasa bendi za dansi, taarabu, kwaya na ngoma za mikoa kwa miaka mingi, na hazina hiyo leo imo mikononi mwa TBC. Lakini kanda si jiwe. Gundi inayoshikilia chembe za sumaku juu ya utepe hunyonya unyevu, hulainika, kisha hubanduka na sauti yake. Katika joto la Dar es Salaam kila mwaka unaopita bila kanda hizo kuhamishiwa katika kompyuta ni mwaka wa kula akiba. Tena, hata zile zilizohamishwa zina faida gani kwa umma ikiwa kijana wa Murangi hawezi kuzifikia, ilhali muziki wa filamu za Hollywood anaupata kwa kugusa kioo?

Fedheha ya karibu zaidi ni hii. Vijana wa mitaa ya Dar es Salaam wamebuni singeli, muziki unaotengenezwa kwa kompyuta na unaokwenda kwa zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Kama upo muziki wa Kitanzania unaosikika kama umetoka katika karne ijayo, ni huo. Nani aliupeleka kwa wasikilizaji wa Ulaya? Mwaka 2017 mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso ulitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Miaka 40 baada ya santuri ya dhahabu, ng'ambo ya ziwa wametutangulia tena, safari hii wakiwa wamebeba muziki wetu wenyewe. Hatuwalaumu ndugu zetu wa Kampala, wamefanya kazi. Tunauliza sisi tulikuwa wapi.

WANAOPINGA

Wanaotaka kupiga marufuku wakumbuke historia. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Muziki ule haukufa, na vijana hawakuacha kuupenda. Ajabu ni kwamba katika kipindi hichohicho wanamuziki weusi wa Marekani walikuwa wakijivika majina ya Kiswahili. Tuliwafungia mlango watu waliokuwa wakija kwetu.

Mwana wa Butiama, Mwalimu Nyerere, alikwisha kuliweka sawa jambo hili tarehe 10 Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Aliwasuta waliojua kucheza rumba na chachacha na wasijue ngoma za kwao. Lakini katika hotuba ileile alionya kwamba taifa linalokataa kujifunza kutoka utamaduni wa wengine ni taifa la wapumbavu. Wanaomnukuu nusu wamsome mzima.

Wapo watakaosema kwamba nchi inayochimba visima na kujenga zahanati haina nafasi ya kushughulikia muziki wa nyota. Hoja hii huwadharau wananchi. Mvuvi wa dagaa wa Majita huhesabu siku za mwezi kwa makini, kwa maana mwezi ukiwa mpevu taa yake haivuti samaki, naye huvuta mtumbwi nchi kavu. Mtu huyo huishi kwa kuutazama mbingu. Anayemwambia kwamba anga ni habari ya Wazungu hajapata kulala ziwani. Tena wananchi wamekwisha kuonyesha njia bila kungoja bajeti: katika mabanda ya video wafasiri wetu wamekuwa wakizinena filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti zake za asili, na hadithi ya sayari ya mbali ikaeleweka na mtu asiyejua neno moja la Kiingereza.

LA KUFANYA

Kwanza, TBC na wizara inayohusika na utamaduni ziwaambie wananchi hadharani kanda ngapi zimeokolewa na ngapi bado, kisha zifungue hazina hiyo kwa vijana watunzi kwa masharti nafuu, huku haki za wanamuziki wa zamani na warithi wao zikilindwa. Sauti ya litungu la Wakurya, lenye nyuzi nane, ikiingizwa katika kompyuta ya kijana mwenye kipaji, itazaa muziki wa angani ambao hakuna studio ya California iwezayo kuubuni.

Pili, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo na vyuo vikuu vyetu vifundishe utunzi wa muziki wa filamu kwa uzito ule ule vinaofundisha ngoma na maigizo. Mfano upo jirani. Filamu ya Neptune Frost ya 2021, iliyopigwa Rwanda, ni bunilizi ya kisayansi iliyojaa nyimbo, na Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zake.

Tatu, Chama chenyewe kisijitoe lawamani. Mwaka 1971, mwaka wa santuri ya Mwandishi, Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Vijana Jazz, kwa kuwa ulielewa kwamba kijana huelekezwa pia kwa sauti. Leo jumuiya zetu hukodi wanamuziki siku za kampeni na kuwasahau uchaguzi ukiisha. Hiyo si siasa ya utamaduni, ni uchuuzi. Jumuiya ya Vijana ijenge japo studio moja ya kunasia sauti katika kila mkoa, na ya Mara ianze na nyimbo za makasia za wavuvi kabla injini hazijazimeza.

Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka uliofuata Umoja wa Afrika uliipokea lugha hii kuwa lugha yake ya kazi. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini kushangilia hakunasi sauti. Vyombo vingine vitarushwa, filamu nyingine zitatungwa, na kamati nyingine zitakaa kuchagua sauti za wanadamu. Kiswahili kimekwisha kuwapa walimwengu majina ya kutosha. Sasa wenye lugha watoe nyimbo, wazinase, wazihifadhi, na wawepo.