Mgeni Ni Yupi? Msamiati wa Safari Mpakani mwa Texas

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakufafanua ni mgeni yupi. Makala haya yanadai kwamba lugha ndiyo humteua mgeni wa kukaribishwa na yule wa kufukuzwa, kabla hata afisa wa mpakani hajafungua pasipoti.

Tuutazame mfano mmoja. Kila mwaka theluji inapoanza kuzifunika nyanda za Minnesota na Iowa, au za Manitoba nchini Kanada, maelfu ya wazee waliostaafu hufunga safari hadi bonde la mto Rio Grande, kusini kabisa mwa jimbo la Texas, Marekani. Januari huko aghalabu ni mwezi wa jua, na mibalungi huwa imesheheni matunda. Wengi huja wakikokota nyumba za magurudumu, wakapiga kambi Mission, Weslaco au Harlingen hadi Machi. Wapendao ndege huzuru hifadhi ya Santa Ana, iliyoanzishwa mwaka 1943. Wenye kuumwa na meno huvuka daraja kwa miguu hadi Nuevo Progreso, Meksiko, ambako matibabu na dawa ni nafuu, kisha wakarejea jioni.

Wenyeji wamewapa wageni hawa jina tamu: Watexas wa Majira ya Baridi. Hebu tulitafakari. Mtu wa Manitoba aliyewasili Novemba, na ambaye hataiona Aprili akiwa huko, amekwisha kufanywa Mtexas kwa neno tu.

Je, anayelivuka daraja lilo hilo akitokea Meksiko? Huyo sharti awe na viza au kadi ya kuvukia mpaka, na mwenye kadi asiye na kibali cha ziada haruhusiwi kupita maili 25 ndani ya Texas. Aliyeingia bila hati, hata akiwa ndiye achumaye yale mabalungi, hawezi kuelekea kaskazini kwa barabara kuu bila kukabiliwa na kizuizi kama kile cha Falfurrias, zaidi ya kilomita 100 kutoka mtoni. Huyo haitwi Mtexas wa majira yoyote.

Gloria Anzaldúa, mwandishi aliyezaliwa bondeni humo mwaka 1942, aliliandikia jeraha hili katika kitabu chake *Borderlands/La Frontera* cha mwaka 1987. Alidhihirisha jinsi watu ambao mababu zao walikuwako kabla ya mkataba wa mwaka 1848 kuufanya mto kuwa mpaka walivyogeuzwa wageni kwao, na Kihispania chao kikadharauliwa.

Sina kinyongo na wazee wale. Mifupa iliyochoka inastahili jua, na fedha zao huwafaa wenyeji. Kinyongo changu ni na kamusi iliyomo vichwani mwetu.

Naam, mwetu pia. Mzungu anayeikimbia baridi akaja Malindi tunamwita mtalii, hata akijenga na kukaa miaka. Muethiopia anayepitia Moyale akielekea kusini kusaka kazi, vyombo vyetu vya habari humwita mhamiaji haramu. Wapo watakaosema kwamba hiyo ndiyo sheria. La hasha! Sheria huhukumu kitendo. Dereva aliyezidisha mwendo amevunja sheria, lakini hatumwiti dereva haramu. Isitoshe, haramu katika Kiswahili ni neno zito lenye mizizi ya kidini; hulinganisha mtu na nguruwe na pombe. Tulikwisha kulitumia neno hilo kwa watoto waliozaliwa nje ya ndoa, na aibu yake twaijua.

Wanafunzi wenzangu, baadhi yetu kesho tutakuwa wahariri, wafasiri na watangazaji. Tuna istilahi iliyo sahihi na yenye utu: mhamiaji asiye na hati. Inaeleza anachokosa bila kumvua ubinadamu wake. Tuitumie. Mipaka ya ardhi iliwekwa na wengine; mipaka ya maneno twaiweka sisi.