Miaka sita ya Warren Moon isifutwe
HOJA YA JUMAMOSI
Na Salum Mbaraka Kombo

Kila msimu wa futiboli ya Marekani unapofika ukingoni, mashabiki hufufua ubishi wa nani alikuwa kwotabeki bora. Pete za ubingwa wa Super Bowl huhesabiwa, na asiye na pete hawekwi kwenye mizani. Ndivyo anavyoachwa Warren Moon, na mimi nasema anadhulumiwa.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu, kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila shambulizi linapoanza. Husimama nyuma ya wenzake wanaomkinga, akasoma jinsi wapinzani walivyojipanga, na ndani ya sekunde tatu hivi, huku mapande ya watu yakimjia mbio, lazima awe ameamua amrushie nani. Ni kazi ya kichwa kabla ya kuwa kazi ya mkono, na humo ndimo ubaguzi ulimojificha. Kwa miaka mingi waliochagua wachezaji Marekani waliamini kuwa mweusi amejaliwa mbio na nguvu, lakini kufikiri na kuongoza ni kazi ya mzungu. Kijana mweusi aliyecheza kwotabeki shuleni alihamishiwa nafasi nyingine, na wengi walikubali ili wapate kucheza.

Moon alikataa. Januari 1978 aliiongoza University of Washington kuilaza Michigan 27-20 katika mechi ya Rose Bowl, akatangazwa mchezaji bora. Hata hivyo, katika NFL, ligi kuu ya Marekani, wapo waliomtaka abadilishe nafasi. Akasoma alama za nyakati, akasaini mkataba na timu ya Edmonton, Kanada. Drafti ya NFL, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya, ilipofanyika mwaka ule walichaguliwa wachezaji 334 katika raundi 12. Yeye hakuwamo.

Wapo watakaosema mlango ulikuwa wazi, kwa kuwa drafti hiyohiyo Tampa Bay ilimchukua Doug Williams, mweusi mwenzake, katika raundi ya kwanza. Mmoja kupenya hakuthibitishi kwamba mlango ulikuwa wazi.

Kule Kanada, mwanzoni akipokezana na mkongwe Tom Wilkinson, Moon alitwaa Grey Cup, kombe la ubingwa wa Kanada, mara tano mfululizo, 1978 hadi 1982. Mwaka 1982 akawa kwotabeki wa kwanza wa kulipwa kufikisha yadi 5,000 za pasi katika msimu mmoja, na mwaka uliofuata akafikisha 5,648. Ndipo klabu za NFL zikaanza kumgombania. Alipotua Houston Oilers mwaka 1984 alikuwa na miaka 27, na miaka sita ya ujana wake imeshapita nje ya ligi hiyo.

Wanaombeza hupenda kutaja Januari 3, 1993, kule Buffalo. Houston iliongoza 35-3 kipindi cha pili, ikafungwa 41-38 katika muda wa nyongeza. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba pasi ya Moon iliyonaswa katika muda huo ndiyo iliyowafungulia Buffalo ushindi. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kabla ya mapumziko alikuwa amerusha pasi nne za tachidauni, na siku ile walinzi wa Houston waliruhusu pointi 41. Kwotabeki hachezi ulinzi.

Aliendelea kucheza hadi akiwa na miaka 44, akipitia Minnesota, Seattle na Kansas City. NFL inamwandikia yadi 49,325. Ukijumlisha za Kanada, zinapita 70,000. Mwaka 2006 akawa kwotabeki mweusi wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Mashujaa la Canton, Ohio.

Kinachonisumbua ni kwamba fikra ile haikufa. Mwaka 2018, miaka 40 baada ya Moon kupuuzwa, alikuwepo kigogo wa zamani wa NFL aliyesema hadharani kwamba Lamar Jackson, kwotabeki kijana mweusi, ahamie nafasi ya mpokeaji wa pasi. Jackson naye alikataa, akachaguliwa wa 32, na msimu wa 2019 akapigiwa kura zote za mchezaji bora wa ligi.

Kwa hiyo msomaji, ukikaa na wenzako kupanga orodha ya makwotabeki bora, usianze kumhesabia Moon mwaka 1984. Anzia 1978, maana hakuwa amekosa uwezo wa kucheza NFL miaka ile. Alinyimwa nafasi.