Msamiati wa Kiingereza Haumezwi Kama Kidonge

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona jarida la Chama cha Kiswahili likijitia katika mambo ya Kimombo. Usishangae. Sisi tunaokipenda Kiswahili ndio hao hao tutakaofanya karatasi tatu za Kiingereza katika mtihani wa KCSE mwakani. Isitoshe, Katiba ya 2010 imezifanya lugha zote mbili kuwa rasmi katika nchi yetu. Basi niacheni nitoe dukuduku langu.

Katika kidato chetu kuna ugonjwa wa kumeza maneno. Lipo daftari moja kuukuu lililorithiwa kutoka kwa waliomaliza Kidato cha Nne, na mpaka leo linanakiliwa kama hirizi. Upande wa kushoto neno, upande wa kulia maana, basi. Hakuna sentensi hata moja. Humo utakuta "pulchritude", "sesquipedalian" na madude mengine ambayo hata ulimi unayaogopa. Mtu akimeza kumi kabla ya mdahalo wa Ijumaa, ole wako wewe unayempinga!

Muhula uliopita tulijadili kama shule za kutwa ni bora kuliko za bweni. Msichana mmoja akasimama, akaeleza kwa Kiingereza chepesi jinsi anavyofika nyumbani jioni, akateka maji, akapika, akawaogesha wadogo zake, ndipo akafungua kitabu wakati macho yanafumba yenyewe. Kwa maoni yangu hakuna aliyetoa hoja nzito kama hiyo siku ile. Lakini alisema "big" mara tatu hivi, na watu wakaanza kuguna na kucheka. Aliyemfuata alitema maneno ya vishindo kwa dakika nne, akapigiwa makofi hadi madirisha yakatetemeka. Nikamwuliza jirani yangu, "Kwani amesema nini?" Akanijibu, "Sijui, lakini huyo ni moto!" Tangu siku hiyo yule msichana hajasimama tena kwenye mdahalo. Hilo ndilo linaloniuma.

Na kwenye insha je? Kuna mwenzetu aliyetaka kumsifu mjomba wake aliyechangia ujenzi wa kanisa, akamwita "notorious". Daftari lilikuwa limemwambia kwamba maana yake ni "mwenye kujulikana sana". Kweli, lakini halikumwambia kwamba anayejulikana hivyo ni mwizi au tapeli! Masikini mjomba, kutoa pesa zake zote akaishia kuwa jambazi.

Waama, Kiingereza kina maneno mengi yanayokaribiana, na kuna sababu. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na Kiingereza kikabaki kwa raia wa kawaida. Wasomi nao wakaongeza Kilatini juu yake. Ndiyo maana leo yapo "ask", "question" na "interrogate". Mama yako anaweza ku-"ask" umetoka wapi. Polisi ndiye anaye-"interrogate". (Ingawa kuna akina mama, wangu akiwemo, wanaostahili hilo la polisi.) Mtu asiyejua tofauti hiyo ana maneno matatu mdomoni lakini kichwani ana moja tu.

Sasa tufanyeje? Mimi naona Kiswahili chetu chenyewe kinatufundisha njia. Nani aliwahi kukaa chini akakariri "soma, somo, msomaji, usomaji, kisomo" kama maneno matano mageni? Ukijua mzizi, watoto wake unawatambua. Kiingereza nacho kina ukoo. Kwenye Biolojia tumefunzwa kwamba "photo" ni mwanga. Basi "photograph" na "photosynthesis" ni ndugu. "Cred" ya Kilatini ni kuamini, nayo imezaa "credit", "incredible" na "discredit". Neno moja likikuletea matatu bure, kwa nini ukameze kumi yasiyojuana?

Tena maneno hutembea na marafiki zake. Sisi hupiga pasi, hupiga simu, hupiga magoti, na hakuna anayedhani kwamba mtu ameonewa. Kwa Kiingereza mvua ni "heavy" lakini chai ni "strong". Ukibadilisha, utaeleweka, ila utachekwa. Mambo hayo hayapatikani kwenye orodha. Yanapatikana ndani ya sentensi, na sentensi ziko vitabuni. Ile kamusi ya wanafunzi ya Oxford, iliyotungwa na A. S. Hornby alipokuwa akifundisha Japani na kutoka huko mara ya kwanza mwaka 1942, ililengwa watu kama sisi ambao Kiingereza si lugha ya mama. Ndiyo maana imejaa mifano. Sisi tunaruka mifano tunanakili maana!

Joseph Conrad alizaliwa mwaka 1857 katika ukoo wa Kipolandi, na Kiingereza alikianza akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, baada ya Kifaransa. Alikuwa baharia. Hata hivyo alikuja kuwa mmoja wa waandishi wakubwa wa Kiingereza. Alijifunza kwa kusoma na kwa kuishi na mabaharia waliokizungumza.

Mtu ataniambia, "Wewe wasema hivyo, vitabu viko wapi?" Hapo amenikamata kweli. Mimi husoma hata gazeti lililofungia mandazi, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017 magazeti hayo hayakosekani. Lakini hadithi ya gazeti la mandazi hukatika pale ilipofika patamu, na mafuta yakafuta iliyobaki.

Vitabu vya hadithi viko hapa shuleni, kabatini. Hufunguliwa wakati wa chakula cha mchana, na kufuli hurudi kengele ikilia. Kwa heshima nawaomba walimu wetu wa lugha waturuhusu kuazima kitabu kimoja Ijumaa na kukirudisha Jumatatu asubuhi, atakayekipoteza akilipe. Nimezungumza na wenzangu kumi na mmoja na wote wako tayari kuandika majina yao, yule msichana wa mdahalo akiwa wa kwanza.