Kwanza Ardhi, Kisha Hewa

Siku hizi neno jipya limeingia katika kwaya za kwetu, tangu Kasongo hata Kabambare, na hapa Lusangi vilevile: vijana wanataka gitaa la umeme lisilo na uzi. Waomba wakristu wachange fedha kununua kile kifaa cha vipande viwili. Kimoja huchomekwa katika gitaa na kuitoa sauti hewani kama redio. Cha pili hukaa penye amplifaya na kuipokea. Hivyo mpigaji huenda apendako, asifungwe kama mbuzi kambani.

Sisi hatusemi kwamba kifaa hicho ni dhambi. Wanaosema hivyo wamekosea. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulikisifu kinanda kikubwa cha Kanisa, lakini ukakubali vyombo vingine pia, kwa kibali cha wakuu wa mahali, mradi vifae kwa ibada. Na miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1958, Missa Luba ilikwisha imbwa huko Kamina kwa ngoma za kwetu. Basi swali si la dhambi, ni la akili: kipi kitangulie?

Vijana watuambia: “Sauti itakuwa bora.” Twajibu: kidogo, ndiyo. Uzi mrefu mno hupunguza sauti nyembamba za nyuzi. Lakini uzi mzuri wa meta tano au sita watosha kanisani. Tena vifaa vingi vya bei nafuu hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na mwili wa mtu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, huyameza mawimbi hayo. Kanisa likijaa watu siku ya Pasaka, sauti yaweza kukatika. Na betri ikiisha katikati ya Utukufu, je, mtaichaji kwa jua lipi?

Watuambia tena: “Katika maandamano uzi haufiki.” Kweli, haufiki. Lakini na amplifaya je, itatembea kwa miguu yake? Chukueni gitaa kavu na ngoma. Mwaka 1952, huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, Hugh Tracey alimrekodi Mwenda wa Bayeke akipiga gitaa lisilo la umeme, na sifa yake ikavuka mipaka ya Kongo. Vidole ndivyo vilivyompa sifa.

Imebaki hoja moja yenye nguvu, nayo tunaiheshimu: usalama. Tarehe 3 Mei 1972, mjini Swansea, mpiga gitaa Les Harvey alishika maikrofoni ambayo umeme wake haukuunganishwa vema na ardhi, huku mkono mwingine ukiwa katika nyuzi za gitaa. Akafa jukwaani mbele ya watu. Mwezi Desemba 1976, Ace Frehley wa kundi la KISS alipigwa na umeme huko Florida. Akapona, na baada ya hapo kundi lake likatumia magitaa yasiyo na uzi. Sababu yaeleweka: uzi huunganisha nyuzi za gitaa na bati la amplifaya. Ukiuondoa, njia ya umeme kufika mkononi mwa mpigaji imekatika.

Lakini ngojeni, ndugu zetu! Aliyeokoka ni nani? Ni mpiga gitaa peke yake. Mwimbaji bado ameshika maikrofoni yenye uzi. Mtoto wa kutumikia Misa bado anapita na kuligusa bati la amplifaya. Jenereta ni ileile, plagi ni ileile iliyong’olewa mguu wake wa tatu ili iingie katika tundu. Kumwokoa mmoja na kuwaacha thelathini katika hatari, hiyo si busara, wala si upendo.

Kwa hiyo twasema wazi: fedha za kwanza ziende ardhini. Aitwe fundi wa umeme anayejua kazi yake, aunganishe jenereta na ardhi sawasawa, atie swichi ile inayokata umeme mara unapovuja, abadilishe plagi mbovu zote. Kisha mnunue uzi mzuri, pamoja na wa akiba. Fedha zikibaki, nanyi mkapata kibali cha Padri, nunueni kifaa chenu cha hewani, nasi hatutanung’unika.

Ila mkumbuke: uhuru wa kutembea si ruhusa ya kucheza mbele ya altare ili macho ya watu yawafuate. Anayeongoza wimbo akae mahali pake, taifa la Mungu liimbe. Na ninyi wazazi mnaoombwa mchango, msitoe hata franka moja kabla ya kuuliza: “Je, jenereta yetu imekwisha unganishwa na ardhi?” Wasipoweza kujibu, fungeni mfuko.