Rangi za Klabu ni Mali ya Nani?

Mwezi wa Julai mwaka 2025 Bunge la Uingereza lilikamilisha sheria mpya ya kusimamia mchezo wa kandanda katika England na Wales. Sehemu kubwa ya sheria hiyo yahusu fedha: nani afaa kumiliki klabu, na hesabu zake zitakaguliwaje. Lakini ndani yake kimo kifungu kimoja ambacho ni rahisi kwa msomaji kukipita bila kukitazama, nacho ndicho tutakacho kukizungumza leo. Kifungu hicho chasema kwamba klabu haitabadili kwa kiasi kikubwa nembo yake, wala rangi zilizo kuu katika jezi yake ya nyumbani, mpaka kwanza ichukue hatua za kuhakikisha kwamba wengi wa washabiki wake wanaliafiki jambo hilo.

Wapo watakaocheka. Watauliza: Je, Bunge la nchi kubwa kama ile limekosa kazi hata likae kujadili rangi ya fulana? Sisi hatucheki. Twaona kwamba sheria hiyo imegusa swali ambalo kila mfanyakazi alijua vema, nalo ni hili: kitu kilichojengwa na wengi kwa miaka mingi, je, kikisha kununuliwa na mmoja, huwa chake peke yake?

Yafaa kwanza tueleze jinsi jezi mpya inavyopatikana, maana wengi huiona siku ya kuzinduliwa tu, ikiwa imekwisha kushonwa na kutundikwa dukani. Klabu kubwa za Ulaya huingia mkataba wa miaka kadhaa na kampuni ya kutengeneza mavazi ya michezo. Kampuni hulipa klabu fedha, na kwa malipo hayo hupata haki ya kutengeneza jezi na kuziuza. Wachoraji wa kampuni huanza kazi mwaka mzima au zaidi kabla ya msimu wenyewe. Huleta michoro mezani, na maofisa wa biashara wa klabu huitazama. Mdhamini hutaka jina lake lisomeke vizuri kifuani. Chama cha ligi nacho huhakikisha kwamba rangi hazitafanana mno na za wapinzani. Kisha viwanda hupewa oda miezi mingi kabla ya mpira wa kwanza kupigwa.

Ukiwahesabu wote walioketi katika meza hiyo, utamwona mchoraji, mfanyabiashara, mdhamini na mwanasheria. Mshabiki hutamwona. Asiyekuwepo na lake halipo. Yeye atakayeivaa jezi hiyo kazini, sokoni na harusini huarifiwa mwisho, wakati ambapo hakuna tena la kubadili. Hata mchezaji mwenyewe mara nyingine husahauliwa. Tarehe 13 Aprili mwaka 1996, Manchester United walikwenda kucheza na Southampton wakiwa wamevaa jezi za kijivu. Kufika mapumziko walikuwa wamekwisha kufungwa mabao matatu. Wakaingia chumbani, wakazivua, wakarudi uwanjani na jezi za buluu na nyeupe. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba wachezaji hawakuweza kuonana vizuri mbele ya halaiki ya watazamaji. Mchezo uliisha 3 kwa 1, na jezi ile, ambayo katika mechi tano haikushinda hata moja, haikuvaliwa tena. Hapana shaka kwamba iliwapendeza walioichora. Waliotakiwa kuitumia ndio ilioshindwa kuwafaa.

Lakini jezi ya ugenini iliyochorwa vibaya ni kosa dogo, nalo hufa pamoja na msimu wake. Kosa kubwa ni kugusa rangi yenyewe. Na juu ya jambo hili hakuna mfano ulio wazi kuliko ule wa mji wa Cardiff, huko Wales.

Klabu ya Cardiff City ilianzishwa mwaka 1899, na kwa zaidi ya miaka 100 ilivaa buluu. Washabiki wake huiita kwa jina la ndege wa buluu, na ndege huyo alikuwa katika nembo yake. Katika vazi hilo ilitwaa Kombe la FA mwaka 1927 kwa kuifunga Arsenal bao 1 kwa 0, na mpaka leo hakuna klabu nyingine ya nje ya England iliyopata kulichukua kombe hilo. Baba aliivaa buluu, na mwana akaivaa, na mjukuu akazaliwa akaikuta imetundikwa ukutani.

Mwaka 2012, klabu ikiwa chini ya tajiri wa Malaysia, Vincent Tan, ikatangazwa kwamba sasa timu ya nyumbani itavaa nyekundu, na kwamba joka jekundu la Wales litachukua nafasi ya mbele katika nembo, na ndege asogezwe chini awe mdogo. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya biashara: nyekundu ni rangi ya bahati katika nchi nyingi za Asia, na huko ndiko kuliko soko kubwa la kuuzia jezi. Habari hiyo ilipovuja mara ya kwanza, mwezi wa Mei, washabiki walipiga kelele, na ikasemwa kwamba mpango umeachwa. Mwezi wa Juni ukarudi, ukiwa umefuatana na ahadi za fedha nyingi za kuitoa klabu katika shida zake.

Hapa hatuna budi kuwa wakweli. Si washabiki wote waliokataa. Wengine walisema: klabu ina madeni, tajiri ana fedha, rangi ni kitambaa tu, heri timu nyekundu iliyo hai kuliko ya buluu iliyokufa. Wala hatuwezi kuwalaumu sana, maana mtu mwenye njaa hachagui sahani. Na kwa muda ilionekana kwamba walisema kweli. Mwezi wa Aprili mwaka 2013 Cardiff ilipanda daraja, ikarudi katika ligi ya juu ambayo ilikuwa haijaicheza tangu mwaka 1962. Ilipanda ikiwa imevaa nyekundu.

Basi, je, tajiri alishinda hoja? La, hasha. Kwa sababu siku hiyo ya furaha iliwakuta washabiki wengi wakiwa wamevaa jezi zao kuukuu za buluu. Walifurahi, lakini walifurahi nusu. Walikuwa wamengoja miaka 51, na ilipofika saa yenyewe, timu iliyopanda haikuonekana machoni mwao kama timu waliyokuwa wakiingoja. Msimu uliofuata Cardiff ilimaliza mkiani ikashuka. Ushindi ulikwenda, na rangi nyekundu ikabaki bila kitu cha kuitetea. Watu wakapungua uwanjani, na madai ya buluu hayakunyamaza. Mwanzoni mwa Januari mwaka 2015 klabu ikatangaza kwamba inarudi katika rangi yake. Tarehe 10 ya mwezi huo timu iliingia uwanjani ikiwa imevaa buluu, ikaifunga Fulham bao 1 kwa 0.

Mambo mawili twajifunza hapo. La kwanza ni kwamba fedha zaweza kununua hisa, uwanja na wachezaji, lakini haziwezi kununua mapenzi yaliyokwisha kupewa rangi nyingine. La pili, na hili ndilo kubwa, ni kwamba washabiki wa Cardiff hawakuwa na sheria yoyote mkononi. Walikuwa na sauti zao, na uamuzi wa kununua tiketi au kutonunua. Walirudishiwa buluu kwa sababu tajiri alikubali hatimaye kusikia. Kama asingalikubali, wangalikuwa na njia gani?

Jibu la swali hilo lapatikana Austria, katika mji wa Salzburg. Mwaka 2005 kampuni ya vinywaji ya Red Bull iliinunua klabu ya mji huo, ambayo iliundwa mwaka 1933 na kuvaa zambarau na nyeupe. Kampuni ikabadili jina, nembo na rangi, kila kitu kifanane na kopo la kinywaji. Washabiki walijadiliana nayo kwa miezi. Neno la mwisho walilopewa lilikuwa kwamba golikipa ataruhusiwa kuvaa soksi za zambarau. Soksi! Wakaondoka, wakaunda klabu yao upya kwa jina la zamani na rangi za zamani, na mwaka 2006 wakaanza kucheza katika daraja la saba. Wale waliobaki na fedha walitwaa vikombe vingi. Wale walioondoka na rangi yao walianza tena kwenye viwanja vya vijijini. Sisi hatusemi kwamba mmoja alifaulu na mwingine alishindwa. Twasema kwamba klabu moja iligawanyika mbili, na aliyeigawanya ni yule aliyedhani kwamba rangi haina mwenyewe.

Watatokea wa kutupinga kwa hoja nyingine, nayo ina uzito. Watasema kwamba hakuna rangi iliyoshuka kutoka mbinguni. Hiyo Cardiff yenyewe, ilipokuwa changa na kuitwa Riverside, ilivaa kahawia na manjano. Juventus ya Italia ilianza na jezi za waridi kabla ya kupata milia myeusi na myeupe kutoka Nottingham mwaka 1903. Leeds United walivaa buluu na dhahabu mpaka meneja Don Revie, katika miaka ya 1960, alipowavika nyeupe tupu kwa kuiga Real Madrid. Kama mababu walibadili, kwa nini wajukuu wasibadili?

Twajibu hivi. Cardiff na Juventus zilibadili rangi zikiwa bado changa, kabla umati wa watu haujaziweka moyoni. Leeds ilibadilishwa na meneja aliyekuwa akiijenga timu pale pale mjini, na nyeupe ikapata heshima yake mbele ya macho ya watu wale wale walioijaza Elland Road. Sisi hatupingi mabadiliko. Kola ya mwaka huu si lazima iwe kola ya mwaka jana, na milia yaweza kuwa myembamba au minene. Tunalolipinga ni mtu kukaa mbali, akaangalia ramani ya masoko, kisha akaamua kwamba kumbukumbu ya mji mzima haiuziki vizuri.

Wala tusisahau upande wa mfuko. Siku hizi klabu kubwa hutoa jezi tatu kila msimu: ya nyumbani, ya ugenini na ya tatu. Mtoto huitaka mpya, na mzazi mwenye mshahara mdogo hana uso wa kumnyima. Mwaka 2003 idara ya serikali ya Uingereza iliyosimamia haki katika biashara ilizitoza faini kampuni na mashirika 10, jumla ya paundi milioni 18.6, kwa kupanga bei za jezi ili zisishuke. Miongoni mwao walikuwamo mtengenezaji, maduka, klabu ya Manchester United na hata Chama cha Soka cha England chenyewe. Kwa hiyo yule asiyeulizwa rangi ndiye huyo huyo aliyepangiwa bei. Mapenzi yake yalifanywa kuwa shamba la kuvunwa.

Na hapa kwetu je? Hakuna haja ya kwenda mbali. Simba iliacha jina la Sunderland mwaka 1971, lakini nyekundu na nyeupe hazikuachwa. Jina liliweza kuondoka, rangi ikabaki. Yanga nayo ni kijani na manjano, na mtoto wa Dar es Salaam huzijua rangi hizo kabla hajajua kusoma. Kila msimu mpya jezi huzinduliwa kwa shangwe, na Msimbazi na Jangwani watu hubishana wiki nzima juu ya kola, mistari na jina la mdhamini. Wakubwa wengine huyaona mabishano hayo kuwa ni upuuzi. Sisi twayaona kuwa ni dalili njema: watu hubishana juu ya kile wanachokijua kuwa ni chao.

Klabu zetu zinahitaji fedha, na mwenye fedha akija kwa heshima apokewe. Lakini mkataba wa jezi usiandikwe kana kwamba wanachama ni wateja tu wa kungojea mlangoni. Michoro miwili au mitatu yaweza kuonyeshwa matawini kabla kitambaa hakijakatwa. Bei yaweza kuzungumzwa kwa kumkumbuka kuli wa bandarini na muuza samaki wa Feri. Jezi halisi ikiuzwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida hawezi kuifikia, tusishangae akinunua ya bandia. Na tukimlaumu, tuanze kwa kumlaumu aliyeipanga bei hiyo.

Uingereza, nchi iliyouza klabu zake kwa matajiri wa kila pembe ya dunia, imelazimika kuandika katika sheria jambo ambalo washabiki wa Cardiff walilijua bila ya kusomea: kwamba mwenye hisa ni mwangalizi wa rangi, si mwenye rangi. Ilichukua miaka mingi na machungu mengi kufika hapo. Sisi tunao wanachama, matawi na mikutano tangu zamani. Ndugu viongozi wa klabu, mkutano ujao wa jezi, ongezeni kiti kimoja mezani, na wanachama wamchague wenyewe wa kukikalia.